Nusu Kamili

Katika jaribio la mwisho wa muhula wa kwanza, watoto kumi na mmoja wa darasa langu la saba walikosa maswali sita yaleyale ya hisabati, na kila jibu walilolikosa lilikuwa nusu kamili ya jibu sahihi. Viti tisini na sita vya ukumbini, kwao, vilikuwa arobaini na vinane. Vigae mia mbili na kumi vilikuwa mia moja na tano. Nguzo arobaini za ua zilikuwa ishirini. Hakuna hata mmoja aliyezidisha vibaya. Mistari ya kazi yao ilikuwa safi, hatua kwa hatua, na kila hatua ilifuata ya kabla yake mpaka kwenye jibu lisilo sahihi.

Niliyaona haya Alhamisi mchana, katika chumba cha walimu, nikiwa na kalamu nyekundu na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Kwanza nilidhani wameangaliziana. Nikazipanga zile karatasi kumi na moja mezani kwa kufuata mahali kila mmoja alipokaa siku ya mtihani. Walikuwa wametawanyika chumba kizima, wengine pembe hii, wengine pembe ile. Nikatafuta kinachowaunganisha. Sikuchukua muda. Wote walikuwa wa kikundi cha ususi wa mikeka.

Shule yetu iko Old Kampala, ni ndogo na ya binafsi, na ina desturi ambayo sijawahi kuiona imeandikwa popote. Mtoto anayepata chini ya hamsini katika somo lolote kwenye jaribio hilo haandikishwi na shule kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka huo. Mzazi huitwa, huambiwa mtoto arudie darasa au atafutiwe shule nyingine. Darasa langu lina watoto arobaini na watatu. Katika wale kumi na mmoja, kumi walikuwa na alama za kutosha kwingineko, wakapoteza kumi na mbili na bado wakavuka. Mmoja hakuvuka. Ni msichana wa miaka kumi na mitatu anayeishi Namuwongo na nyanya yake. Alikuwa na arobaini na moja. Maswali yale sita yalikuwa na alama mbili kila moja. Nikajumlisha kwa penseli pembeni mwa karatasi yake, nikapata hamsini na tatu, nikafuta.

Yaliyotangulia nayaandika kwa mpangilio wake.

Mama yangu alifariki katika wiki ya pili ya muhula. Nyumba yetu iko chini kidogo ya msikiti mkubwa, na ukoo wetu uko hapo tangu wazee walipopanda kutoka pwani na bidhaa zao. Kiswahili bado ndicho tunachozungumza ndani ya nyumba, ingawa Kiganda kimeingia mpaka kwenye dua za watoto. Nilirudi kazini siku ya tano. Nilisimama mbele ya ubao, nikaandika tarehe, nikaandika neno "Sehemu," kisha sikuwa na la kusema. Sikulia. Maneno hayakuwapo tu, kama unavyofungua kabati ukakuta rafu tupu. Watoto walinisubiri kwa adabu, halafu wakaanza kusukumana.

Nyuma ya darasa kulikuwa na gunia la ukindu, majani ya kusukia mikeka, lililobaki mwaka uliopita, na ndoo ya udongo wa ufinyanzi tuliyoletewa na mzazi mmoja anayefyatua matofali bondeni. Niligawa ukindu. Niligawa udongo. Siku hiyo walifanya kazi kwa mikono yao, mimi nikazunguka nikitazama, na hakuna aliyehitaji nizungumze. Ndivyo ilivyoanza. Baadaye mwalimu mkuu alilisifu jambo hilo kwenye kikao, akasema hivi ndivyo watoto wanavyotakiwa kusoma siku hizi, kwa vitendo. Nilikubali kwa kichwa. Sikuwaambia kwamba lilitokana na kukosa sauti.

Lakini baada ya kulianza nililifanya kwa utaratibu, maana sijui kufanya kazi kwa njia nyingine. Niliwagawa vikundi vinne: ufinyanzi, uchoraji, ngoma, ususi. Kila kikundi kilijifunza mada zilezile kwa kazi yake. Watoto wa ngoma walijifunza sehemu kwa kugawa mapigo. Wachoraji walijifunza vipimo kwa kupunguza ramani ya uwanja wa shule mpaka ikaenea ukurasa mmoja. Wafinyanzi walijenga vilima vya mji juu ya ubao wa mbao, tukawaita wengine wote, nikamwaga maji kwa jagi polepole ili waone mvua inakwenda wapi. Maji yaliteremka kati ya vilima, yakapita mahali walipoweka soko la Nakivubo, yakatuama upande wa chini. Msichana wa Namuwongo aliinama akaweka kidole kwenye lile dimbwi.

"Hapa ndipo tunapolala," akasema.

Mvulana mmoja wa ufinyanzi akamwambia basi amwombe nyanya yake amnunulie mtumbwi. Akamjibu, bila kumtazama, kwamba mtumbwi wanao, na nauli yake yeye itakuwa mara mbili kwa sababu ya uzito. Darasa zima likacheka. Mimi niliandika kwenye daftari langu: maji yalituama baada ya jagi moja na nusu.

Nyanya yake nilimfahamu kwa sababu alikuja kulalamika. Ilikuwa wiki ya nne. Alitoka Namuwongo kwa miguu, akifuata njia ya reli, mpaka Nakivubo ambako huketi kwenye baraza la duka moja akiuza mikeka, akamwachia jirani biashara, akapanda mpaka kwetu. Alikuwa na kavera, mfuko wa plastiki, na ndani yake kipande cha ukili ambacho mjukuu wake alikisuka darasani. Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwanza. Tepe nyingi zikishonwa pamoja ndipo mkeka unapatikana. Aliusimamisha mbele ya uso wangu.

"Ni weye unafundisha mutoto kusuka hivi? Hii ni mkeka ama ni kamba ya mbuzi?"

Watoto walimkimbilia wakimwita Jjajja, kama wanavyowaita bibi zao wote. Alitoka upande wa Kongo zamani sana, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa kule, kimechanganyika na cha sokoni. Mimi na yeye tulielewana vizuri. Alikaa sakafuni bila kukaribishwa, akaufumua ule ukili wote, akaanza upya, na ndani ya nusu saa kikundi cha ususi kilikuwa kimemzunguka na mimi nimekaa kwenye dawati la mtoto nikiandika. Nikamwomba awe anakuja Jumanne na Alhamisi. Alikataa, akasema yeye si mwalimu. Jumanne akaja.

Namna yake ya kuhesabu ndiyo niliyoipenda, na ndiyo chanzo cha yote. Anayeanza ukili hulikunja jani katikati, likatoa ncha mbili, moja kwenda kushoto na nyingine kulia. Ukitazama utepe unaosukwa unaona ncha ishirini zikipishana. Yeye anaona majani kumi. Huuita ukili wa kumi. Hazihesabu ncha kamwe. Kila ncha ina mwenzake, na ncha na mwenzake ni moja. Anahesabu kwa kupitisha kidole gumba juu ya jozi, haraka kuliko macho yangu yanavyoweza kufuata. Watoto waliichukua mara moja. Watoto waliokuwa wakihesabu kwa vidole chini ya dawati walianza kuona vitu kwa jozi, na kuzidisha kukawa kwepesi, kwa sababu namba zilikuwa zimepungua.

Niliiona hatari yake. Hilo nataka lieleweke, maana limeandikwa. Katika azimio langu la kazi, kwa mkono wangu, kuna vipindi viwili vinavyofuatana. Kipindi cha kwanza: kuhesabu kwa jozi, wakati wa kusuka. Kipindi cha pili: kumrudisha mwenzake. Katika kipindi cha pili watoto walipaswa kutoka kwenye mkeka na kwenda kwenye viti, madirisha, miti ya uwanjani, wahesabu kwa jozi kama Jjajja kisha waongeze mara mbili, waeleze kwa nini msusi haongezi na kwa nini anayehesabu viti lazima aongeze. Msusi huagiza majani, hana haja ya ncha. Anayepanga viti, kila kiti chake kitakaliwa na mtu. Kipindi kile kilikuwa siku ya Jumanne.

Arobaini ya mama iliangukia Jumanne hiyo.

Niliomba siku tatu. Kwetu arobaini haifuati kalenda ya mtu. Shangazi zangu walishaalika, masufuria yalishaazimwa, na jamaa wa mbali walikuwa njiani. Nilipewa kazi ya sahani. Nilizipokea kwa watu, nikazisuuza, nikazirudisha. Khitma ilisomwa sebuleni na sauti za wanaume zilinifikia uani kwa vipande. Shangazi mmoja alinishika bega akaniuliza mbona sili. Nikamwambia nimekula. Nilikuwa nimekula kweli, nakumbuka wali na nyama, nakumbuka kwamba niliutafuna. Alinitazama, akasema ningelia ingekuwa nafuu kwao wote. Alisema kwa upole. Nikaenda kuchukua sahani nyingine.

Shuleni Jjajja alikiendesha kipindi peke yake. Mwalimu wa sayansi alichungulia mara mbili, akaona watoto wametulia wanaandika, akaondoka. Yeye Jjajja hajui kusoma, lakini hesabu anazo kichwani, na watoto walikuwa na maswali kumi niliyowaachia ubaoni. Walimsomea swali, akawahesabia kwa gumba, wakaandika.

Nilirudi Ijumaa. Kili zao, zile tepe za ukindu, zilikuwa zimening'inizwa dirishani, kumi na moja, kingo zimenyooka, rangi ya zambarau na kijani zikipokezana bila kosa. Nilisimama nikazitazama. Kisha nikafungua azimio la kazi nikaweka alama kwamba kipindi cha pili kimefundishwa. Mazoea yangu, kabla ya kuweka alama hiyo, ni kumwita mtoto mmoja au wawili wanieleze somo kwa maneno yao. Siku hiyo sikumwita mtu.

Ndiyo maana, Alhamisi ile ya kusahihisha, niliporudisha karatasi kwenye bahasha nilikwenda kumtafuta yule msichana. Alikuwa uwanjani akiruka kamba. Nikamwomba anifuate ukumbini, ambako viti vilikuwa vimepangwa kwa mkutano wa wazazi. Nikamwambia anihesabie.

Alikwenda pembeni mwa safu, akapitisha gumba hewani, mbili mbili, midomo ikicheza. Kisha akageuka akahesabu viti vya safu moja. Akazidisha kichwani. Akanipa jibu. Lilikuwa nusu.

Nikamuuliza amehesabuje.

"Safu na mwenzake ni moja, Mwalimu."

"Na watu wakija kukaa?"

Akafikiri. Alikuwa na jasho la kuruka kamba juu ya mdomo. Akasema watu wakija watakaa. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba hesabu ya viti huishia hapo.

"Wewe," akasema. Hakusema kwa ukaidi. Akakimbia darasani, akarudi na daftari lake, akalifungua mahali penyewe, akaniwekea kidole. "Uliweka tiki."

Maswali kumi. Madirisha ya shule, miti ya uwanjani, madawati, vigae vya veranda. Majibu kumi, yote nusu. Pembeni mwa kila jibu, tiki yangu nyekundu, na chini kabisa "Vizuri sana," sahihi yangu, na tarehe ya Ijumaa ile niliyorudi. Nilikuwa nimesahihisha madaftari kumi na moja siku hiyo. Mwandiko ulikuwa wangu, hata ule mkia mrefu ninaouvuta kwenye tiki ya mwisho. Sikukumbuka kuyashika. Bado sikumbuki.

Nilimwambia alikuwa amefanya kama alivyofundishwa. Akaniuliza kama basi amepata. Nikamwambia nenda kaendelee na kamba.

Baada ya hapo nilifanya mambo manne, kila moja siku yake.

Ijumaa nilikwenda kwa mwalimu mkuu na lile daftari, karatasi ya mtihani, na azimio langu la kazi. Ni mwanamke makini, aliyeijenga shule ile kutoka vyumba viwili. Nilimweleza bila kupunguza. Alilisoma daftari ukurasa mzima, akarudi juu, akasoma tena. Nje mwalimu wa ngoma alikuwa akiwafokea watoto kwa sababu ya fimbo iliyopotea.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "hizi tiki ni zako?"

"Ni zangu, Madam."

"Uliyasoma majibu?"

"Hapana."

Hakunikaripia. Ningejua la kufanya na karipio. Alinieleza kwa utulivu kwamba karatasi ile ilitungwa kwa pamoja na shule kadhaa, kwamba alama zimeshajazwa kwenye fomu, kwamba akimwongezea mmoja atawaongezea kumi na mmoja, na wazazi wa wale thelathini na wawili wengine watauliza kwa nini watoto wao hawakuongezewa. Kisha akauliza nani mwingine ameliona daftari hili. Nikamwambia mimi na mtoto. Akafungua kabati la chuma nyuma yake, akaliweka ndani, akafunga.

"Niachie nifikiri," akasema.

Jumatatu nilimpa msichana maswali sita mapya, ya aina zilezile. Kabla ya hapo nilifundisha kipindi cha pili, kile ambacho kilipaswa kufundishwa Jumanne ya arobaini, kwa kikundi chote cha ususi, ukumbini, na watoto wakikaa kwenye viti wanavyovihesabu ili wamwone mwenzake akirudi. Walicheka sana. Mmoja alimkalia mwenzake mapajani akasema hawa wawili ni mmoja. Wengine kumi walielewa kabla kengele haijalia. Yeye alipata matano. La sita aliandika nusu, akaikata, akaandika jibu kamili, akalikata na hilo pia, akaacha wazi. Nilipomuuliza mbona amekata lililo sahihi, alisema mkono wake ulikuwa umeshazoea, na hakujua tena aamini upi. Nikamwambia jibu la pili ndilo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali habari za mahali asipopajua. Karatasi hiyo nayo niliipeleka kwa mwalimu mkuu. Aliipokea mlangoni.

Jumanne Jjajja alikuja kama kawaida. Sikutaka asikie kutoka kwa mtoto, kwa hiyo tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi na nikamweleza. Nilirudia mara mbili kwamba kosa ni langu, kwamba yeye alifundisha kusuka na mimi nilipaswa kufundisha kilichobaki, nami nilikuwa nyumbani nikiosha sahani za matanga, na niliporudi nikaweka alama bila kutazama. Alisikia kitu kimoja tu katika hayo yote.

"Unasema hesabu yangu ni nusu."

Nikasema hapana, hesabu yake ni sawa, ila ni ya mkeka.

"Mwalimu, mimi nauza mikeka miaka hii yote. Watu wanalala juu, wanaswali juu, wanazalia juu. Hakuna hata mmoja amerudi kusema, Jjajja, umenipa nusu."

Hakuwa amekasirika kama nilivyoogopa. Alikuwa akilipanga jambo. Alivua kitambaa alichokifunga begani, akanionyesha. Kilikuwa kimechomekwa sindano kumi, kila moja na uzi wake tayari. Alinieleza kwamba kila asubuhi kabla ya shule mjukuu wake humtungia sindano hizo, kwa sababu tundu halioni tena. Zikiisha mchana huomba wapita njia, na wapita njia wa Nakivubo wana haraka. Macho yake, alisema, ameyaomba mwaka mmoja tu. Msichana amalize hii ya saba, apate karatasi yake, halafu yatakayokuja yaje.

"Akirudia, nani atashona?" akauliza. "Itakuwa yeye. Na akianza kushona, Mwalimu, hatarudi hapa. Mimi pia nilikuwa nimesema nitarudi."

Nikamuuliza kama anataka niwe namtungia zikiisha. Akatazama mikono yangu, akasema wacha. Kisha akainuka, akaenda darasani kwa sababu kikundi kilikuwa kinamsubiri, na kupitia dirishani nilimsikia akimtania mtoto mmoja kwamba ukili wake umepinda kama shingo ya bata. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Ila nilipopita baadaye aliwauliza watoto ukili huu ni wa ngapi, wakajibu kumi, akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Na wenzake, ishirini." Watoto walimshangaa. Hakulirudia.

Jumatano niliandika barua. Ni ukurasa mmoja. Nimesema ndani yake kwamba kipindi fulani kilitiwa alama kuwa kimefundishwa wakati hakikufundishwa, kwamba madaftari kumi na moja yalisahihishwa bila kusomwa, kwamba aliyefanya yote mawili ni mimi, na kwamba naomba mtoto mmoja asibebeshwe matokeo yake. Nilitia sahihi. Niliisoma tena nikitafuta mahali nilipojitetea, nikapata sentensi inayotaja arobaini, nikaiondoa, nikaandika upya. Karani wa ofisi aliipokea, akaigonga muhuri wa tarehe. Nilipotoka nilipita uani, watoto walikuwa kwenye foleni ya uji, na mwalimu wa sayansi akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Ni neno ninalolitumia tangu wiki ya pili ya muhula na sijaona mtu aliyelirudisha.

Alhamisi hakuna aliyeniita.

Ijumaa saa nne asubuhi mwalimu mkuu alitoka kupeleka orodha ya watakaoandikishwa. Nilimwona kupitia dirisha la darasa, mkoba begani, bahasha ya kahawia mkononi, akimsimamisha bodaboda getini. Hakuangalia upande wetu. Wakati wa mapumziko nilikwenda ofisini kuomba chaki. Karani, ambaye ananijua tangu nilipoanza kazi hapa, alinihesabia vipande huku akisema, bila mimi kumuuliza, kwamba wiki hii vidole vinamuuma, maana aliambiwa achape orodha ya darasa la saba mara mbili. Moja ina majina arobaini na mawili. Nyingine ina arobaini na matatu, darasa zima. Nikamuuliza ipi imekwenda. Akasema Madam aliziweka kwenye bahasha na kwenye droo mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Nilirudi darasani. Kikundi cha ususi kilikuwa kinaanza mkeka mpya, na msichana alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, akilowesha ukindu ulainike. Mkeka mkubwa huchukua muhula mzima na zaidi. Alikuwa amechambua majani kumi, akayaweka kando, mengine bado yamefungwa kwa kitambaa.

"Mwalimu, nilowanishe ya mkeka mzima, au ya ukili huu tu?"

Nikamwambia aanze na ya ukili huu.

Akayakunja yale kumi katikati, moja moja, akazipanga ncha juu ya goti, na akaanza.

Naandika haya Jumapili. Mwalimu mkuu hakurudi shuleni Ijumaa ile, na simu yake ilijibiwa na binti yake aliyesema mama yake anapumzika. Daftari lenye tiki zangu kumi liko kwenye kabati la chuma. Barua yangu ina muhuri wa Jumatano. Orodha moja imekwishapokelewa huko ilikopelekwa, na nyingine iko kwenye droo ya ofisi yetu, na droo hiyo ina ufunguo mmoja. Sijui ni ipi iliyobaki.